Nimeenda darasa la kupumua hapa Dodoma: nyota tatu na nusu, na sababu zake ni ndefu

Naanza na bei maana najua ndo mnachotafuta. 15,000 kwa kichwa kwa kipindi cha saa moja na robo, ukilipia Jumamosi zote nne za mwezi ni 50,000, unalipa kwa lipa namba, risiti unapewa ukiomba. Mikeka wanaazimisha bure ila kama una wa kwako beba, ile yao inanuka jasho la watu wa zumba. Ni upande wa Area D, uwanja wa nyuma wa jim moja, jina silitaji maana kuna lawama humu ndani na sitaki kumharibia mtu biashara kwa kosa la siku moja. Tangazo lao linasema saa 12 na nusu asubuhi, tulianza saa 1 na dakika kumi, spika ilikuwa inatafutiwa waya.

Kilichonipeleka ni mdogo wangu wa kike. Anafanya kazi Mtumba, mafaili, vikao, kukimbizana na basi la wafanyakazi alfajiri, sasa miezi mitatu minne hii usiku halali vizuri, kifua kinambana, kapimwa moyo mzima, mapafu mazima, mtu wa ofisini kwao akamwambia kuna darasa la kupumua linatuliza. Akanipigia, dada twende. Nikamwambia mi kupumua kwa watu ndo nalipwa mshahara, leo nikalipie mimi? Akasema nitakulipia. Basi tukaenda.

Niwaeleze hapo, kazi yangu ni usingizi. Nusu kaputi. Sisi ndo wale tunaokaa upande wa kichwani kwa mgonjwa thieta, watu wanadhani tunalaza tu halafu tunachati kwenye simu. Kumlaza mtu ni sekunde kadhaa, saa mbili zinazofuata unakaa unaangalia kifua chake kinapanda kinashuka, maana dawa karibu zote tunazotumia zinaenda kugusa mahali palepale ubongoni panapoendesha pumzi. Kwahiyo mtu akiniambia anafundisha kupumua na "kemikali za ubongo" mi masikio yanasimama kama ya sungura.

Kocha ni kijana mstaarabu, sauti nzuri, kajipanga. Akatusalimia "Mbukwenyi!" na nusu ya watu wakatazamana maana Dodoma siku hizi Wagogo mpaka uwatafute. Tulikuwa watu kama kumi na nane, wengi wa maofisini, mama mmoja mtu mzima kaja na mjukuu, na upepo ule wa mwezi wa nane mnaujua, vumbi linakuingia mpaka kwenye mawazo, sasa unaambiwa vuta pumzi ndefu kwa pua. Wangeweka hata turubai upande mmoja aisee.

Halafu akaanza kueleza. Akasema tukivuta pumzi haraka haraka oksijeni inajaa ubongoni, serotonini inamwagika, dopamini inamwagika, msongo unatoka. Na kahawa tuache kabisa, kafeini ni sumu ya pumzi. Mdogo wangu akanifinya paja kabla sijafungua mdomo. Nikanyamaza.

Nusu ya kwanza ni hiyo ya haraka. Pumzi thelathini kwa nguvu, kisha unatoa hewa yote unabana, unakaa hivyo mpaka ushindwe, mizunguko mitatu, ngoma inapigwa kwenye spika kwa sauti ambayo majirani wa Jumamosi asubuhi siwasemei. Mi natembea na kidude cha kupimia oksijeni kidoleni, kinakaa kwenye begi kama wenzangu wanavyotembea na chaja. Nikakivaa. Kabla hatujaanza kilisoma 97. Katikati ya zile pumzi za fujo, 99. Basi, hizo mbili ndo oksijeni yote iliyojaa. Mtu mzima mwenye afya damu yake imeshajaa oksijeni hata akiwa kakaa kibarazani anamenya karanga, hata hapa kwetu kwenye kama mita 1,100 juu ya bahari, na ndoo iliyojaa ukiiongezea maji unalowesha sakafu tu.

Kinachobadilika sana ni hewa ukaa. Kwenye damu ya ateri kawaida inakaa kati ya 35 na 45 kwa milimita za zebaki, ukihema kwa fujo unaipuliza nje inashuka, na mishipa ya damu ya kichwani ikikosa hewa ukaa inasinyaa, damu inayofika ubongoni inapungua. Ule wepesi wa kichwa, ile hali ya kuelea ambayo watu walikuwa wanafumba macho wanatabasamu, ndo hiyo. Kinyume kabisa na alichosema kocha. Oksijeni ya ubongoni inapungua, na bado mtu anajisikia kama kapaa, sishangai wanarudi kila wiki.

Na ile ya kubana pumzi watu walifika dakika moja na nusu wakapigiana makofi, kocha anasema mapafu yenu yamekua! Jamani. Kengele inayokulazimisha kuvuta pumzi inapigwa zaidi na hewa ukaa ikipanda kuliko oksijeni ikishuka, Haldane na Priestley walilionesha hili Uingereza toka 1905, sasa wewe umeshaipuliza hewa ukaa nje, lazima kengele ichelewe. Mzunguko wa tatu kidude changu kilishuka mpaka 88 na mimi nimetulia zangu wala sijisikii haja ya kuvuta. Juu ya mkeka hilo halina neno sana. Kwenye maji mtu anazimika kabla hajasikia chochote, kwahiyo wale vijana wanaoenda kuogelea Hombolo msije mkajaribu hii kitu mle bwawani, nawaomba kabisa.

Sasa lawama yenyewe. Mzunguko wa pili dada mmoja pembeni yangu, binti tu wa miaka ishirini na kitu, akaanza kulalamika midomo inamwasha, halafu vidole vikakakamaa vikajikunja vyote kwa pamoja kama mdomo wa bata, akaogopa, akawa anahema zaidi. Kocha akapita akasema usiogope ni nishati iliyokwama inatoka, endelea. Endelea! Nyuma nikasikia mtu ananong'ona "huyo ana kitu", na mama mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Nikatoka kwenye mkeka wangu nikakaa nae, nikamwambia binti nitazame mimi, toa pumzi polepole kama unapuliza uji wa moto, tena, tena, usivute kubwa. Dakika nne tano vidole vikafunguka.

Hakuna nishati wala pepo hapo. Hewa ukaa ikipungua sana tindikali ya damu inashuka, kalsiamu iliyokuwa huru inaenda kushikwa na protini, neva na misuli vikikosa kalsiamu huru vinakuwa na jazba, vinajikaza vyenyewe. Nimeiona kwa wajawazito leba, nimeiona kwa wanafunzi kipindi cha mitihani wakiletwa hospitali wenzao wamewabeba juu juu wanalia wakidhani wameleta maiti. Kilichoniudhi ni kwamba wakati wa kujiandikisha hatukuulizwa lolote zaidi ya jina na namba ya simu. Nani ana kifafa? Kuhema haraka kunaweza kuamsha kifafa, hospitali wanaitumia hivyo makusudi wakikupima umeme wa ubongo ili kionekane. Nani mjamzito, nani ana moyo, hamna. Hapo nimekata nyota moja na sirudishi.

Mapumziko wanatoa juisi ya rozela, baridi, sukari ya wastani, tamu kwelikweli, hiyo peke yake unaweza kuilipia. Na hapo ndo kocha akanifuata na glasi yake, hana kiburi, akasema dada samahani, wewe ni dokta? Nikamwambia mi mtu wa usingizi. Akauliza, sasa kama sio oksijeni na serotonini, pumzi inaendeshwa na nini?

Nikakaa. Alikosea kuniuliza hilo swali nikiwa na glasi iliyojaa.

Nikamwambia kwenye shina la ubongo, pale kisogoni ndani ambapo ubongo unaungana na uti wa mgongo, kuna kifundo kidogo cha seli za neva, kimoja kila upande, seli maelfu machache tu, hicho ndo kinachopiga mdundo wa kuvuta. Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walikitangaza 1991, walichukua kipande chembamba cha shina la ubongo la panya mchanga wakakiweka kwenye maji ya chumvi yenye oksijeni, na kile kipande kikaendelea kupiga mdundo wa kupumua bila mapafu, bila kifua, bila panya. Kinaitwa pre-Bötzinger, na hili jina kila mtu wa Dodoma alitakiwa kulijua maana limetoka kwenye chupa ya mvinyo. Sio utani, wataalamu walikuwa mkutanoni Ujerumani, sehemu ya jirani ikakosa jina, Feldman akaangalia chupa iliyokuwa mezani, mvinyo wa mji wa Bötzingen, ikawa Bötzinger, na hiki kifundo kilipopatikana kikaitwa kwa jirani yake. Ule mkutano ungefanyikia hapa leo hii wanafunzi wa udaktari dunia nzima wangekuwa wanakariri pre-Hombolo.

Kocha alicheka mpaka rozela ikamtoka puani.

Hizo seli zinaongea kwa kemikali. Glutameti ndo inayosukuma, seli moja inaamsha nyingine na hiyo nyingine mpaka zote zinalipuka pamoja, amri inashuka mpaka kwenye kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, unavuta. Gaba na glaisini zinazuia, zinapanga lini nani anyamaze ili kuvuta na kutoa visigongane. Halafu kuna zile zinazoongeza mwendo na zinazopunguza. Dutu P inaharakisha mdundo, 2001 walipoua kwenye panya zile seli zenye mlango wa kupokea hiyo dutu, pumzi ya panya ikawa inayumba kama mlevi anatoka kilabuni. Serotonini nayo inaongeza, hapo kocha alipatia kidogo, ila seli zinazoitoa zipo hapohapo shina la ubongo na zinaonekana kuamka pale hewa ukaa inapopanda. Sasa wewe unaipuliza nje halafu unategemea ziamke? Tena serotonini nyingi ya mwilini ipo kwenye utumbo, sijui kwanini wafundishaji wa furaha hawatuambii tukande matumbo.

Kuhusu kafeini nilitaka kulia. Nikamwambia kaka, mtoto wa binamu yangu yuko hai kwa kafeini. Alizaliwa njiti wa wiki thelathini, ukubwa wa mkate, ubongo wa njiti haujakomaa, unasahau kupumua, sekunde ishirini kimya, rangi inageuka, nesi anamkuna nyayo mpaka avute. Kuna kemikali inaitwa adenosini, ndo ileile inayojikusanya kichwani kwako kutwa nzima mpaka jioni unasinzia, kwa njiti inazima pumzi. Kafeini inaenda kukaa kwenye kiti cha adenosini, mwenye kiti akija anakuta pamejaa. Utafiti mkubwa wa hiyo dawa ulitoka 2006, watoto 2,006 wenye uzito kati ya gramu 500 na 1,250, mapafu ya waliopewa yalipata madhara kidogo kuliko ya wenzao, na mwaka uliofuata ikaonekana hata mtindio wa ubongo umepungua. Pale ambapo kafeini haipo wanatumia aminofilini, ni ukoo mmoja. Kwahiyo wale wazee wa kahawa na kashata wanaocheza bao waache wanywe, shida yake ni kukukosesha usingizi ukinywa jioni, mengine kocha aliokota mahali.

Akaniuliza na nyie mkilaza watu mnazima hicho kifundo? Swali zuri hilo. Nikamwambia inategemea dawa. Propofoli inaegemea upande wa gaba, mlango wa kuzuia unafunguka sana, mtu anaweza kuacha kupumua mkononi mwako, ndo maana nakaa kichwani. Diazepamu nayo gaba, peke yake kwa kipimo cha kawaida mara nyingi pumzi inastahimili, ila mtu akishushia na pombe kali ni habari nyingine, hiyo naomba muiseme na nyumbani. Ketamini, kipenzi cha hospitali zetu za wilaya, inafunga mlango mmoja wa glutameti lakini mdundo wa pumzi unategemea zaidi mlango mwingine, kwahiyo mgonjwa yuko mbali kabisa anaona rangi huko alipo na kifua kinaendelea chenyewe, ukiisukuma kwa haraka tu ndo inaweza kumsimamisha kidogo. Umeme ukikatika, mashine imezima, uko na tochi ya simu, utaipenda ketamini kama mama mzazi.

Na zile dawa kali za maumivu, mofini na ndugu zake, pethidini, fentanili. Hizi ndo zilizonifundisha kupumua ni nini. Mlango wake upo mpaka kwenye kile kifundo chenyewe, zikizidi mdundo unapungua na, baya zaidi, ubongo unaacha kujali hewa ukaa ikipanda. Chumba cha kuamkia unakuta mama katoka upasuaji, hana maumivu, kalala kwa raha, unahesabu pumzi sita kwa dakika. Unamwambia mama vuta pumzi. Anavuta! Tena kubwa. Unanyamaza, na yeye ananyamaza. Unamwambia tena, anavuta. Yaani ile njia ya hiari kutoka juu ya ubongo iko salama, anakusikia na anatii, lakini yule mpiga ngoma wa chini kasinzia, na mtu hawezi kukaa anajikumbusha kupumua mpaka asubuhi. Unampa naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini, kidogo kidogo mpaka ngoma inarudi, ukiharakisha na maumivu yanarudi yote kwa mpigo, hapo utatukanwa kilugha.

Kocha akanyamaza kidogo, akasema basi nusu ya pili utaipenda, maana tunapumua mara sita.

Na kweli niliipenda, na hapa ndo nyota zao zote zilipo. Ngoma ikazimwa. Unavuta kwa sekunde kama nne unatoa kwa sita, dakika ishirini hivi, kocha sauti yake ndo inafaa kwa hii kazi. Nilikuwa nacheka moyoni, sita kwa dakika, namba ileile inayonikimbiza kwenye droo ya naloksoni, hapa watu wameilipia. Lakini hesabu yake ni nyingine. Kawaida unavuta kama mara kumi na mbili, nusu lita kila moja, lita sita kwa dakika. Ukivuta mara sita lita nzima nzima ni lita sita zilezile, hewa ukaa inabaki karibu na mahali pake, na mlinzi wake ubongoni yuko macho, ukizembea atakuamsha mwenyewe. Wa mofini anavuta sita na mlinzi kalala.

Shika kifundo cha mkono wako ukiwa unasoma hapa ujaribu. Ukivuta mapigo yanaharakisha kidogo, ukitoa polepole yanapungua. Wakati wa kutoa ule mshipa wa neva unaoshuka kutoka shina la ubongo mpaka moyoni unamwaga asetikolini, kazi yake ni kuutuliza moyo, kwahiyo ukiurefusha muda wa kutoa pumzi unaupa nafasi. Mdogo wangu alilishika hili haraka kuliko yote niliyomwambia, sahivi kwenye basi la Mtumba anashika mkono wake mwenyewe watu wanadhani anahesabu michango.

Kuna na hadithi ya panya, 2017, watafiti wa Marekani walikuta ndani ya kilekile kifundo cha mvinyo kikundi kidogo cha seli kama 175 ambazo hazipigi mdundo, zenyewe zinapeleka taarifa kwenye sehemu inayomwaga noradrenalini, ile kemikali ya kukuweka macho na wasiwasi. Walipoziondoa, panya wakaendelea kupumua ila wakawa wapole, wanakaa zao wanajisafisha tu. Maana yake kuna waya kabisa kutoka kwenye pumzi kwenda kwenye wasiwasi, na pumzi ikitulia kelele inayopanda juu inapungua. Ni panya, sio mfanyakazi wa serikali mwenye mkopo, lakini kwa kocha kutangaza biashara yake hii ina nguvu kuliko ile ya oksijeni kumwagika, nikamwambia aichukue bure.

Tulimalizia na ile ya kuvuta mara mbili, unavuta, unaongezea kidogo juu, halafu unashusha pumzi ndeeefu. Hii kitu unaifanya bila kujua kila dakika tano hivi, hata ukiwa na furaha zako, kwasababu vifuko vya mapafu vingine vinanywea na pumzi moja kubwa inavifungua. 2016 walionesha kemikali mbili zinazoiagiza kwenye panya, moja inaitwa nyuromedini B nyingine ndugu yake, na ndugu yao wa kwanza kujulikana alipatikana kwenye ngozi ya chura, mambo ya Mungu hayo. Na 2023 watu wa Stanford walifanyisha watu dakika tano kwa siku kwa mwezi mmoja, waliokuwa wanashusha pumzi hivi hisia zao nzuri zilipanda kuliko za waliokaa wakitafakari tu. Bibi yetu alikuwa anashusha pumzi hivyohivyo kila akimaliza kutwanga, sisi tunamuuliza bibi nini kimekukera, anasema hamna, nimechoka tu na nyie.

Yule mama mtu mzima na mjukuu wake wote wawili walipitiwa na usingizi kwenye mkeka. Mama alikoroma. Hakuna aliyemuamsha, hilo nalo ni huduma nzuri.

Sasa kama unataka kwenda. Fika saa 1, mapema utakaa unaangalia mtu anatafuta waya. Nusu ya kwanza ruka, au ifanye kwa robo ya nguvu, na kama una kifafa, una moyo, una presha isiyotulia, au una ujauzito hiyo nusu usiiguse kabisa hata kocha akisemaje. Ukisikia midomo inawasha punguza mwenyewe usisubiri ruhusa. Kama kifua kinakubana hujapimwa, anzia hospitali kama mdogo wangu alivyofanya, darasa baadae. Na kama unatumia vidonge vikali vya maumivu au vya usingizi usijidanganye eti mazoezi ya kupumua yatakulinda, ile ngoma ya chini haifundishwi kwenye mkeka. Choo kisafi, maji yapo. Maegesho ya gari shida, pikipiki sawa. Vumbi nimeshasema.

Bei kwa nusu ya pili peke yake na rozela naona ni halali, ingawa dakika ishirini za kuvuta nne kutoa sita unaweza kuzifanya sebuleni kwako bure, watu wanalipia kukaa mahali ambapo hakuna mtoto anayeita mamaa. Mdogo wangu usiku ule alilala saa nne, sitasema ni darasa, huenda ni kule kuamka alfajiri. Wiki iliyofuata kocha alinitumia picha ya karatasi ya kujiandikisha, kaongeza mistari miwili ya kuuliza magonjwa na ujauzito, kwahiyo nusu nyota niliyosema kwenye kichwa cha habari ndo hiyo, ni ya karatasi. Ile ya pumzi thelathini bado ipo kwenye ratiba.

Mdogo wangu kalipia mwezi mzima. Mi Jumamosi mbili zijazo niko zamu, mkeka wangu kaondoka nao.